Makaburi ya Minara na Hukumu Tunazowapa Waliozikwa

Makaburi ya minara yaliyotapakaa katika pwani yetu, kuanzia Malindi na Gedi hadi Tongoni, Kaole na Kunduchi, hutolewa na wanahistoria kuwa ushahidi kwamba miji ya kale iliongozwa na matajiri waliotaka kujulikana hata baada ya kufa. Kauli hii hatuipingi. Tunachopinga ni kuishia hapo, kisha kaburi moja likafanywa msemaji wa mji mzima.

Bwana James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, alikipa kitabu chake cha mwaka 1954 jina linaloiita Gedi mji wa Kiarabu. Kazi yake ya kupima na kuchora ni kubwa, na kila aliyekuja nyuma yake amefaidika nayo. Lakini jina hilo lilihukumu kabla ya shahidi kusikilizwa: mwenye kaburi la mawe alifanywa mgeni, na wakazi wa nyumba za udongo na makuti, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuulizwa.

Tulitazame jambo hili kwa jicho la fiqhi. Pale Gedi lipo kaburi lenye maandishi ya Kiarabu ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliwataja watu wake kuwa wafuasi wa Imam Shafi. Naye Imam Nawawi (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 676 Hijria, alikwisha kubainisha katika madhehebu hayo kuwa kaburi huinuliwa kiasi cha shibiri. Kulipaka chokaa na kulijengea ni makuruhu, na likiwa katika makaburi ya watu wote, kujenga ni haramu na jengo hubomolewa. Basi aliyejenga mnara ama hakuijua hukumu, ama aliijua akaona jaha yake inamtosha, ama ardhi ilikuwa milki yake. Hili la tatu halitazamwi, nalo ndilo lenye habari ya tabaka, kwani si kila mtu angemiliki kiwanja kando ya msikiti.

Tena watafiti hutazama juu kuliko chini. Katika Misri ya Mafirauni mali ilizikwa na maiti. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922 lilikutwa limejaa vitanda, magari ya farasi na dhahabu. Huku kwetu mabakuli ya Kichina yalipachikwa nje, kama Kunduchi na Mambrui, wayaone walio hai. Maiti wa Kiislamu huvikwa sanda, hulazwa ubavu wa kulia na kuelekezwa Kibla, awe tajiri au fukara. Cheo kilibaki kwenye chokaa, hakikuteremka mwanandani. Wanaodai kuwa Uislamu wa wazee hawa ulikuwa wa juujuu wangeanza na hilo.

Na wapo wenzetu wapitao magofuni wakasema hawa walikuwa watu wa shirki. Kujenga juu ya kaburi ni suala la fiqhi. Shirki ni suala la itikadi, na chokaa haishuhudii itikadi ya mtu.

Anayetaka kuijua jamii ya Gedi ayatafute pia yale makaburi ya shibiri moja ambayo mvua imekwisha kuyasawazisha. Humo wamelala maskini na watumwa, na huenda na wanachuoni waliousia wasijengewe.