Wengi Wape, na Karama Je?

Jumapili moja tulikaa kikao cha kuchagua kazi za toleo lijalo. Tulikuwa kumi na watatu, na mgeni wa kumi na nne alikuwa dada mmoja aliyeleta hadithi yake. Ana kigugumizi. Alipofika ukurasa wa pili jamaa mmoja akasema, "Tupige kura bwana, muda unakwenda." Mikono kumi na mmoja ikakataa, miwili ikakubali. Mkono wangu ulikuwa katika ile kumi na mmoja. Katibu akafunga hoja: "Pole dada, wengi wape." Akakunja karatasi zake, akatuaga kwa adabu, akaenda zake. Hajarudi tena.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa narudia Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Wengi wetu tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani: taja dhamira tatu, eleza fani, basi. Tuliambiwa ni kijembe kwa utawala wa kikoloni, nasi tukaandika hivyo hivyo. Sikatai. Ila safari hii, baada ya kikao kile, nilikisoma kwa tumbo joto, maana niliona kinanihusu mimi.

Kisa chenyewe mnakijua. Katika nchi ya Kusadikika, iliyo angani, kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Mshtaki wake ni waziri Majivuno. Karama anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, Mashariki, Kaskazini, Kusini, Magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mawazo ya kuijenga nchi, malipo yao yakawa kifungo. Mwisho Karama anaachiwa huru na wale sita wanafunguliwa.

Uzuri wa kitabu hiki, kwa maoni yangu, uko katika jambo ambalo mitihani hailiulizi: Karama anasikilizwa mpaka mwisho. Baraza zima liko upande mmoja, yeye yuko upande wake peke yake, lakini hakuna anayemkatiza kwenye ukurasa wa pili. Hadithi moja inakwisha, inafuata nyingine, na msomaji anaona jinsi wazo la mtu mmoja linavyohitaji muda ili lieleweke. Msuko wenyewe ni hoja. Kelele za wengi haziombi muda; zinasikika mara moja.

Lakini sasa, wazee wangu mnisamehe, kuna tatizo. Karama anapona kwa sababu ni fundi wa kusema. Ulimi wake ni asali, mifano yake haina mwisho. Je, angekuwa na kigugumizi? Angekuwa mtu wa kawaida, mwenye haki lakini hana maneno? Angefungwa, tukafunga kitabu. Na hapo ndipo penye kejeli ambayo sina hakika kama mwandishi mwenyewe aliikusudia: kosa analoshtakiwa Karama ni kufundisha sheria, na sheria ndiyo ambayo ingemwokoa bila kuhitaji ufasaha wowote. Haki ya mchache ikitegemea utamu wa ulimi wake, hiyo si haki, ni bahati.

Kasoro ya pili ni Majivuno. Jina tu limeshamhukumu. Msomaji haoni taabu kuchagua upande, maana nani atakubali kukaa na mtu anayeitwa Majivuno? Kumbe wengi katika maisha yetu hawaitwi hivyo. Wengi ni mama yako, jirani yako, washkaji zako wa kijiweni. Wana sababu zao, na mara nyingine sababu hizo ni nzuri.

Tusisahau kwamba hapa Tanganyika utawala wa wengi ulipiganiwa. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kulikuwa na kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumpigia Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Waafrika walikuwa karibu nchi nzima, lakini viti viligawanywa sawa kwa sawa. TANU ilivutana sana kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, kabla ya kukubali kushiriki. Sasa hapo uchache uligeuzwa upendeleo, na aliyelipa gharama ni yule mwingi. Kwa hiyo mtu akiniambia "haki za wachache", kwanza namuuliza: haki hiyo inamnyang'anya nini mwenzake?

Lichukue swali hilo ulipeleke mwaka 1991. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi kuuliza wananchi: chama kimoja au vingi? Takriban asilimia 80 walisema kimoja kiendelee. Takriban asilimia 20 walitaka vingi. Kwa hesabu ya "wengi wape" mchezo umekwisha. Tume, hata hivyo, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikapitishwa. Kuna waliosema wengi wameonewa. Mimi nauliza tena: walinyang'anywa nini? Aliyekipenda chama chake alibaki nacho, na mwaka 1995 chama hicho hicho kikashinda. Mwingi hakupoteza kitu. Mchache alipata pa kusimama.

Halafu tazama upande wa pili wa sarafu. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani kudai kwamba mtu asiye na chama naye aruhusiwe kugombea. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ikamkubalia. Bunge, kwa wingi wake, likabadili Katiba na kuuziba mlango. Akarudi, Mahakama Kuu ikamkubalia tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, pale pale Arusha, ikasema haki yake imevunjwa. Mtikila alifariki 2015, na uchaguzi wa mwaka huo, kama ule wa 2020, ukafanyika bila mgombea binafsi. Mgombea asiye na chama angewanyima nini wenye vyama? Wangeweza kumshinda kwa kura. Hawakumpa hata nafasi ya kushindwa.

Wahenga walituachia methali mbili, sisi tukaishika moja. "Wengi wape" tunaijua sote, inafunga kikao upesi. Ya pili inasema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Hizi hazigombani. Ya kwanza inasema nani ataamua. Ya pili inasema kuna kitu ambacho hakipigiwi kura: kusikilizwa, kusimama, kuulizwa kabla ya kuhukumiwa. Kitu hicho lazima kiandikwe kwenye sheria wakati bado hatujui nani kesho atakuwa mchache. Kusadikika haikukiandika, iliachia nyoyo zilainike, zikalainika. Nyoyo nyingine ni ngumu, ndugu msomaji.

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandika, naomba mambo mawili. Kwanza, tuache kumwandika Karama upya kila mara, yule kijana msemaji anayewashinda wazee wabaya kwa hoja. Tumwandike asiyejua kusema. Pili, tuwape wengi sura na majina ya kawaida, na hofu zao tuziandike kwa heshima, ili msomaji ashikwe na aibu ya kujikuta amenyoosha mkono pamoja nao. Kama mimi.

Kikaoni tumeshabadilisha utaratibu. Kazi inasomwa mpaka neno la mwisho ndipo kura inapigwa, na inayokataliwa inarudishwa na sababu kwa maandishi. Wengi bado ndio wanaoamua, sawa kabisa. Ila hadithi ya yule dada mpaka leo hatujui inaishaje. Anayemfahamu amwambie tunakutana Jumapili saa nane, na muda upo.