Mgonjwa Asiyekufa Ukurasa wa Mwisho

Julai Arusha si mwezi wa kufanyia mzaha. Meru inaweza isionekane wiki nzima, ukungu umelala mpaka Sanawari, na watu wanakwenda kazini wamejikunyata ndani ya makoti. Ndio mwezi ambao matokeo ya kidato cha sita yanakuwa yametoka na dirisha la udahili wa vyuo vikuu linafunguliwa. Kwa mwenye selimundu ni mwezi mgumu mara mbili, maana baridi ni moja ya vitu vinavyoamsha yale maumivu yao.

Mwezi huo binti wa dada yangu alikuja kwangu Sekei, sweta mbili mwilini, mkononi bahasha. PCB yake imekaa vizuri, anataka udaktari. Kilichomleta si maombi yenyewe. Hayo kijana wa steshenari angemjazia kwa dakika ishirini: namba ya mtihani, cheti cha kuzaliwa, chuo, kozi, basi. Alikuwa ameshapakua maelekezo ya kujiunga ya mwaka uliopita, na kwenye kurasa za mwisho akaikuta fomu ya afya, ile ambayo daktari anaijaza na kugonga muhuri.

"Shikamoo mjomba. Wewe si ndiye mwalimu wa Kiswahili? Nisomee hii kama unavyosoma vitabu vyako."

Nilicheka. Kisha nikaisoma, na kicheko kikaniisha.

Ukiichukua kama maandishi, fomu ya aina ile ina mhusika mmoja tu, na mhusika huyo hasemi. Anapimwa macho, mkojo, kifua. Magonjwa yameorodheshwa, yanawekewa alama. Msimulizi ni daktari, na hadithi yote inakwenda kuishia kwenye sentensi moja: anafaa kusoma au hafai. Hakuna mstari unaomuuliza binti huyu kwamba amefanyaje kufika hapa. Siku alizosoma kemia akiwa wodini hazina kisanduku.

Nikamwambia fasihi yetu nayo haijampa kisanduku, na hilo ndilo limenifanya niandike.

Wengi wetu tuliopita sekondari za Tanzania tumekutana na mgonjwa kwenye tamthilia mbili: *Kilio Chetu* ya Medical Aid Foundation na *Orodha* ya Steve Reynolds. Nimezifundisha miaka mingi, na bado nazipenda. Lakini tazama zinavyomtumia mgonjwa. Joti anaumwa UKIMWI na kufa ili wenzake wajue. Furaha anakufa, na barua yake ndiyo inasomwa mazikoni huku wanaume wa kijiji wakitetemeka kwamba majina yao yamo. Ugonjwa umetokana na tendo, tendo linaleta kifo, kifo kinaleta funzo. Swali la mtihani linajiandika lenyewe: jadili dhamira.

Sizilaumu. Ziliandikwa watu wanazikwa kila wiki, na aliyekuwa anaandika alikuwa anapiga kengele ya moto. Dawa za ARV zilianza kugawiwa bure nchini 2004, na ugonjwa ule ukageuka kuwa kitu cha kuishi nacho. Silabasi ndiyo haikugeuka. Vijana wanaendelea kufundishwa kwamba kazi ya mgonjwa kwenye kitabu ni kufa vizuri.

Sasa mkalishe darasani mtoto aliyezaliwa na selimundu. Hakutenda chochote. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu (ndipo jina lilipotoka, na ni jina zuri kuliko magonjwa mengi yalivyobahatika), zinaziba mishipa, anaumia, anaongezwa maji, anarudi shule. Hadithi yake haina tendo, na ukurasa wa mwisho haujafika. Dada yangu alinisimulia kwamba mwalimu mmoja, baada ya kusoma tamthilia mojawapo, alimwambia huyu binti mbele ya darasa apumzike, asijichoshe na sayansi. Nia nzuri, nadhani. Alikuwa ameshamsoma mpaka mwisho.

Nikamsimulia habari ya mtu ambaye nadhani kila mwanafunzi wa udaktari angepaswa kumjua. Mwaka 1910 daktari wa Chicago, James Herrick, alichapisha maelezo ya mgonjwa mwenye chembe za damu zenye umbo la ajabu. Ndiyo makala inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuueleza ugonjwa huu katika tiba ya Magharibi. Ndani yake mgonjwa hana jina. Yupo kama vidonda, homa, idadi ya chembe. Watafiti wawili ndio waliochapisha habari zake kamili 1989, karibu miaka 80 baadaye: Walter Clement Noel, kijana kutoka Grenada, aliyefika Chicago 1904 kusomea udaktari wa meno.

Yaani mgonjwa wa kwanza wa selimundu kwenye vitabu vyao alikuwa mwanafunzi! Alilazwa, akatoka, akaumwa tena, akahitimu 1907, akarudi kwao Grenada na kutibu meno ya watu mpaka alipofariki 1916. Makala ya Herrick haikuwa na njia ya kumweka huyo mtu mwingine, mwenye vitabu kwapani. Utanzu wenyewe ndivyo ulivyo: unamwona mgonjwa anapoumwa tu.

Binti alinyamaza kidogo. "Na faili langu la kliniki ni hivyo hivyo," akasema. "Ni kitabu pekee kilichoandikwa juu yangu, na siruhusiwi kukaa nacho nyumbani."

Kuna wanaofanya kinyume. Marekani, mwombaji wa shule ya udaktari huandika insha juu yake mwenyewe, isiyozidi herufi 5,300 pamoja na nafasi. Mwanzoni niliona hilo ndilo jibu, hata nikamwambia aandike ya kwake, ya mazoezi. Aliandika aya moja akaacha. Nilipoisoma nikaelewa. Alishaanza kujipamba: maumivu yakawa "safari", wodi ikawa "shule". Utanzu ule unamdai mgonjwa aonyeshe kidonda kisha athibitishe kimemfaidisha. Fomu yetu imemnyamazisha. Ile insha inamfanya asimame jukwaani. Kati ya hayo mawili, nakiri, sikujua nimshauri lipi, na mimi ndiye niliyejifanya msomaji.

Nilichoweza ni kumwazima *Ua la Faraja* ya William Mkufya, iliyotoka 2004. Ni riwaya nene, na kuna mahali inahubiri kupita kiasi, sikatai. Lakini humo wagonjwa wanafikiri. Wanapenda, wanabishana kuhusu maisha, hawapo kwa ajili ya kumfundisha mtu aliye mzima. Hata hivyo ni UKIMWI tena. Ya selimundu, ya kisukari cha utotoni, ya kifafa cha mtu anayekwenda kazini kila siku, bado naitafuta. Mpango wa selimundu wa Muhimbili, alioutengeneza Profesa Julie Makani, ulianza mwaka huo huo wa 2004, na watoto waliokuwa wakibebwa kwenda kliniki wakati ule leo ni watu wazima wenye maneno yao. Kama yupo anayeandika, mhariri wa blogu hii anapokea miswada.

Kuhusu fomu, nilimwambia selimundu iandikwe, isifichwe: akipata maumivu usiku bwenini, awepo mtu anayejua. Akasema hilo hata yeye analijua, alitaka tu kusikia mtu akiisoma kwa sauti.

Alhamisi akanitumia ujumbe: ametuma maombi Muhimbili na Bugando. Nikampigia. Mbona KCMC umeiacha, na Moshi ni hapo tu?

"Mjomba! Hapo tu ndiyo shida. Mama atakuja kila Jumamosi kuangalia kama nimevaa sweta."