Pongezi kwa Wapiga Picha wa Itombwe

Wanaopanda kutoka Uvira, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hadi milima ya Itombwe kupiga picha za vitu vidogo, yaani kuvu, mabuu na vyura, wanastahili sifa zaidi ya wanazopewa. Hoja hii inasimama juu ya chura mmoja. Mwaka 1951 mwanazuolojia Raymond Laurent alimweleza kisayansi chura wa dhahabu wa Itombwe. Baada ya miaka ya 1950 hakuonekana tena na watafiti. Vilibaki vielelezo ndani ya chupa za spiriti, na spiriti hufifisha rangi, kwa hiyo dhahabu ile ikabaki jina tu. Miongo kadhaa baadaye watafiti walimpata tena, na picha zao zikauonyesha ulimwengu rangi zake akiwa hai.

Mwanabiolojia atapinga kwamba picha haina vinasaba, hivyo haimalizi ubishi kuhusu spishi. Kweli, ila chupa nayo ilishindwa kutunza rangi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba picha inayotaja mahali kamili huwaelekeza wafanyabiashara wa wanyama. Hapo dawa ni kuficha mahali, si kufunga kamera. Na kamera yenyewe (wengi hudhani ndiyo kazi) ni sehemu ndogo. Kazi ni kumwona, kwenye majani yenye umande na baridi ya mwinuko, mnyama ambaye mpita njia angemkanyaga. Na kazi hiyo ina faida kwa watu pia. Itombwe ilitangazwa hifadhi mwaka 2006; mkulima wa kando yake anayeambiwa asikate miti ana haki ya kuonyeshwa kilichomo, na ripoti ya kitaalamu iliyoandikwa kwa Kifaransa haimwonyeshi; picha humwonyesha.