Roki kwa Mizani Nane

Nianze kwa kukiri. Miaka kumi hivi iliyopita rafiki yangu aliniletea daftari la nyimbo alizotunga mwenyewe, nyimbo za roki kwa Kiswahili, akaniomba nimwambie ukweli. Nikamwambia, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma vitabu viwili. Kiswahili, nikasema, ni kirefu mno kwa gitaa la umeme. Kiingereza kina maneno mafupi yanayojifunga pa! kama mlango, sisi kitenzi kimoja tu kinammaliza mwimbaji pumzi, na kila neno linaishia kwa irabu. "Andika Kiingereza, bana." Alilifunga daftari. Mwaka uliofuata akauza gitaa.

Rafiki huyo tunamwita Fundi. Mwezi Julai, Nairobi ikiwa kwenye baridi yake, ndiye aliyenunua tiketi tatu za tamasha la roki. Ya kwake, yangu, na ya Mwalimu, dada yetu anayefundisha ushairi sekondari na ambaye sijawahi kumwona akisikiliza roki bila kukunja uso. "Twende," Fundi alisema, "tukasikie kama ulisema kweli."

Kiwanja chenyewe ni cha nyasi, kando ya Barabara ya Ngong. Jukwaa la vyuma, spika zimepangana kama magunia ya mahindi, moshi wa mutura unatuingia machoni. Bendi sitaitaja jina, maana nitawakosoa na ni vijana wanaojikongoja bila mfadhili.

Saa nzima ya kwanza waliimba Kiingereza, na walipiga vizuri. Mpiga besi alikuwa na subira, kitu adimu kwa kijana. Aliacha nafasi, hakujaza kila tundu. Lakini nilipogeuka kuwatazama watu, niliona vichwa vinatikisika na midomo imefumba. Walikuwa wanacheza na gitaa. Maneno yaliwapita juu kama ndege ya kwenda Mombasa.

Kisha wakaimba Kiswahili. Wimbo wa huzuni, msafiri peke yake usiku, na neno lililobeba kiitikio lilikuwa "barabara". Sasa, kila mtoto wa darasa la tano anajua kwamba neno hili lina mitego. Ukiweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, baraBAra, ni njia ya magari. Ukiuvuta mkazo nyuma, baRAbara, ni sawasawa, vizuri kabisa. Mwimbaji alipanda juu, akafumba macho, akaishikilia ile "ra" ya katikati kwa sekunde nne nzima. Msafiri wetu mpweke akawa anatulilia kwamba kila kitu kiko sawasawa. Nyuma yetu watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Fundi alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

Wakati ule ningeweza kusema, "Si niliwaambia?" Bahati nzuri Mwalimu alinitangulia. "Huo wimbo ulizaliwa Kiingereza," alisema akipiga kelele sikioni mwangu. "Sikiliza pale sauti inapopanda. Wametunga muziki kwa lugha nyingine, halafu wakamwagia maneno yetu juu." Kumbe ndivyo. Walishona shati kwanza, kisha wakamtafuta mtu wa kulivaa. Likimbana kwapani, tunamlaumu mtu kwa kuwa na mabega.

Wimbo wa mwisho ndio ulionivunja. Ulihusu kodi ya nyumba, mwenye nyumba akigonga mlango tarehe tano. Sentensi fupi, zimekatwa sawasawa. Kufikia ubeti wa pili kiwanja kizima kilikuwa kinaitikia, hata wauza mayai, na wengi nina hakika walikuwa wanausikia kwa mara ya kwanza. Nikamwona Mwalimu anahesabu kwa vidole. "Nane," akasema. "Nane kwa nane. Hawa watoto wanaimba shairi na hawajui!"

Hebu tuhesabu naye. Roki nyingi huzunguka kwa mapigo manne. Gawa kila pigo mara mbili, unapata nafasi nane. Kipande cha shairi letu la kawaida kina mizani nane, na mshororo wa utenzi vilevile, tangu enzi za Mwana Kupona hadi tenzi za Shaaban Robert. Kwa hiyo kipande kimoja kinaujaza mzunguko mmoja bila kubaki wala kupungua. Kuna zaidi. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mizani nane hiyo ni ya saba, na nafasi ya saba ndiyo pigo la nne, palepale mpiga dramu anapoishukia ile dramu yake ndogo kwa nguvu zote. Kila kipande kinafika kwenye kishindo kikiwa na mkazo wake mkononi. Na ule mlango niliolilia, ule unaojifunga pa, mpiga dramu anaufunga mwenyewe. Irabu inayobaki ni ya watu kuitikia.

Sisemi kila wimbo uwe na vina na mizani. Kezilahabi alishatufungulia mlango huo mwaka 1974 kwa *Kichomi*, na sina hamu ya kurudi kwenye ugomvi ule. Lakini mtu anayevunja hesabu ni vizuri awe anaijua. Wala lugha si kisingizio: Tinariwen wa kaskazini mwa Mali huimba Kitamasheki juu ya magitaa ya umeme, na dunia imewafuata hukohuko jangwani. Sisi tumebaki kujivunia kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946. Sawa, alizaliwa. Lakini nyimbo zilizompa jina ni za Kiingereza. Mahali pa kuzaliwa hapatungi wimbo.

Kosa langu lilikuwa kuhukumu lugha kwa masikio niliyoazima. Lile daftari nililisoma kimya, kwenye kiti, bila dramu, nikiyapima maneno kwa nyimbo za Kiingereza zilizonijaa kichwani. Mhakiki anayesoma wimbo bila kuugonga hata mezani hajausoma.

Tulirudi mjini na matatu ya saa tano usiku. Mwalimu alisinzia. Fundi alikaa dirishani akigonga goti, nikasikia anajisemea: *Mji huu barabara, haulali haupoi*. Nikahesabu kwa vidole, mfukoni, asinione. Nane kwa nane. Na ile "ba" iliangukia mahali pake.

"Hiyo ni mpya?" nikamuuliza.

"Ya zamani," akasema. "Ilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari."

Nilimwomba msamaha palepale, kwa sauti, konda akisikia. Alisema haina neno. Nikamuuliza daftari liko wapi, akasema hajui, pengine lilibaki nyumba ya zamani. Gitaa analijua lilipo: kwa fundi seremala mmoja kule Kawangware, aliyelinunua kwa ajili ya mwanawe. Jumamosi ijayo tunakwenda kuuliza bei.