Harusi Iliyobaki Kwenye Video

Dada mmoja wa usharika wetu hapa Pemba alitujia Jumapili moja baada ya ibada, akiwa na flashi aliyoifungia ndani ya leso. Ilikuwa na video ya harusi yake. Mumewe ameondoka, na kwa habari zilizotufikia anaishi bara na mwanamke mwingine. Dada alikuwa na swali moja tu: aichome? Mtoto wao ana miaka minne, na kila akipata nafasi anataka ile harusi iwekwe kwenye runinga. Ikiwekwa, mama hutoka kwenda kuchota maji, hata kama ndoo zote zimejaa.

Siku ile hatukuwa na jibu. Tuliomba naye, tukamwambia asiichome kwanza. Tangu hapo tumekuwa tukiwaza habari ya picha za mapenzi yaliyovunjika, na mawazo hayo yametupeleka mahali ambapo wachungaji hatuendi sana kutafuta neno, yaani kwenye video za muziki. Wapendwa mtuvumilie.

Wengi mnaukumbuka mwaka 2018. Tarehe 14 Februari, siku ambayo watu hupeana maua mekundu, Zari Hassan, mfanyabiashara Mganda aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, aliweka Instagram picha ya waridi jeusi na kutangaza kwamba ameachana na Diamond Platnumz, baba wa watoto wake wawili wadogo. Miezi michache baadaye ikatoka video ya "Iyena", wimbo ambao Diamond aliuimba na Rayvanny, uliomo katika albamu ya A Boy from Tandale. Ni video ya harusi. Bwana arusi ni Diamond, na bibi arusi, ndani ya gauni jeupe, ni Zari yuleyule. Picha zilipigwa wakiwa bado pamoja, watu wakaja kuziona wakiwa wameshaachana.

Hapa tujikumbushe Amri ya Nane, tuliyoisoma sote katika kipaimara. Katika Katekisimo Ndogo Luther anatutaka tumtetee jirani, tumseme vema, na mambo yake tuyafasiri kwa upande ulio mwema. Mtu maarufu naye ni jirani. Nani alimkosea nani katika nyumba ile si kazi yetu kuamua, na tunawasihi wasomaji wasiligeuze somo hili kuwa kijiwe. Tunachokitazama ni kile kilichowekwa mbele ya macho ya watu wote: ua na gauni.

Ukiichukua "Iyena" peke yake, kama kazi ya sanaa, kisa chake ni chepesi. Watu wanaoana na kufurahi. Hakuna mgogoro, hakuna anayezuia, hakuna anayelia. Kusema kweli, kama ingetoka Januari mwaka ule tusingekuwa na la kuandika juu yake. Lakini ilitoka baada ya waridi jeusi, na kila alama iliyomo ikapinduka. Weupe wa gauni, ambao mpiga picha aliukusudia uwe furaha, watazamaji waliuona kama sanda. Vicheko vikawa vya watu wasiojua kinachowajia. Maneno ya wimbo hayakubadilika hata moja, wala hakuna picha iliyokatwa. Kisa kizito cha video ile kimo kati ya tarehe mbili, nje ya video yenyewe.

Watu wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa jambo hilo, kwa sababu taarab imewalea. Mtunzi anaweza kuwa ameutunga wimbo wake kwa habari nyingine kabisa, tena miaka mingi iliyopita. Ukumbini mwanamke anasimama, anakwenda polepole kumtunza mwimbaji pale pale kwenye ubeti unaomgusa, na noti mkononi, na jicho kwa mtu fulani. Papo hapo ubeti umepata mwenyewe. Ukumbi mzima umeelewa, ingawa hakuna jina lililotajwa. Sisi tuliotoka bara, ambao ndio wengi katika usharika huu, watumishi wa serikali, askari, wafanyabiashara, huchukua muda kuzoea. Tunauliza wimbo unasema nini. Majirani zetu wanatazama nani amesimama.

Tuende mbali kidogo. Mwaka 1990 mwimbaji wa Ireland, Sinéad O'Connor, alitoa video ya "Nothing Compares 2 U", wimbo wa mtu aliyeachwa. Ulitungwa na Prince, na kundi la The Family ndilo lililoutoa kwanza mwaka 1985. Mwongozaji, John Maybury, alimpiga picha mama huyu katika bustani moja ya Paris akitembea na koti refu jeusi. Lakini sehemu kubwa ya video ni uso wake tu, mbele ya giza, na kichwa kilichonyolewa. Kunyoa kule kulikuwa na sababu zake nyingine, ila mtu wa bara akikiona kichwa kile anawaza msiba, maana kwa makabila mengi ya kwetu ndivyo mfiwa anavyotambulikana. Na kweli msiba ulikuwapo. Wimbo ulipofika kwenye maneno kuhusu maua aliyoyapanda mama, machozi yalimtoka. Baadaye alieleza kwamba alikuwa akimwaza mama yake mzazi, aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1985. Machozi hayakuwa katika mpango, na mwongozaji aliyaacha.

Kwa hiyo ulimwengu mzima ulidhani unamwona mwanamke aliyeachwa na mpenzi, kumbe alikuwa mtoto anayemlilia mama. (Huyu Sinéad alikuja kusilimu mwaka 2018, akafariki 2023. Tunalitaja kwa heshima, kwa kuwa katika kisiwa hiki wako watakaomwita dada kuliko sisi.) Tunaiona video yake kuwa bora kuliko ya "Iyena", na si kwa sababu ya huzuni yake. Ni kwa sababu aliyeitengeneza alikuwa na ujasiri wa kuacha kitu ambacho hakukiagiza. Video nyingi za mapenzi tunazoletewa, za kwetu na za nje, hazina nafasi hiyo. Mvua inanyesha kwa zamu yake, simu inatupwa, gari linaondoka, na aliyeachwa daima hana kosa. Kijana anayezitazama hujifunza kulia kama wanavyolia wao, na hajui la kufanya na kilio chake mwenyewe kikija na sura nyingine.

Sasa turudi kwenye ile flashi. Ushauri wetu wa kanisani kwa aliyeachwa umekuwa mwepesi mno. Tunamwambia asahau yaliyo nyuma, tukimkopa Paulo katika Wafilipi sura ya 3, kana kwamba pale Paulo alikuwa akisema na mwanamke mwenye picha za harusi ukutani. Hakuwa akisema naye. Alikuwa akizungumzia fahari zake mwenyewe alizozihesabu kuwa hasara kwa ajili ya Kristo.

Yuko mwingine katika Biblia aliyeachwa na kusalitiwa, ni Bwana mwenyewe. Someni Yeremia sura ya 2. Kabla ya mashtaka yote mazito, kabla ya mabirika yaliyovunjika na miungu ya kigeni, jambo la kwanza analolitamka kwa Yerusalemu ni kwamba anaikumbuka siku ya uchumba, upendo wa wakati ule, na jinsi bibi arusi alivyomfuata jangwani, katika nchi isiyopandwa kitu. Anaifungua video ya harusi, tena baada ya kuachwa. Mbele kidogo, mstari wa 32, anauliza kama mwanamwali anaweza kuyasahau mapambo yake, au bibi arusi mavazi yake. Gauni bado liko mbele ya macho yake.

Tulipokuwa chuoni tulifundishwa sura hii kama mfano wa mashtaka ya kimahakama: mashahidi, hati, hukumu. Ni sawa, sura ina hayo. Lakini miaka ya kukaa na washarika imetufanya tuusikie ule mstari wa pili kwa sikio jingine. Mshtaki anayeanza kwa kukumbuka harusi ana jeraha. Na hakuna mahali anapojuta kwamba alipenda. Harusi ile ilikuwa kweli, ingawa aliyeolewa aliondoka. Tukimwambia dada yetu aichome flashi ili apone, tutakuwa tunamtaka afanye jambo ambalo Bwana hakulifanya. Hatusemi kwamba kila mtu aihifadhi. Wapo waliopigwa na kuumizwa na hao wanaoonekana kwenye picha, na kwao kuifuta kunaweza kuwa sehemu ya kupona. Tusimlazimishe mtu.

Tulikwenda kumtembelea baada ya wiki kadhaa, mzee mmoja wa kanisa na sisi. Tukamweleza habari ya Yeremia, tena kwa maneno machache, maana mtoto alikuwa akicheza miguuni. Alisikiliza, akasema anaelewa. Kisha akatuambia kitu ambacho hakukisema siku ile ya kwanza. Katika video ile yumo baba yake, ambaye amekwisha kufariki. Wakati wa nasaha baba alisimama na kipaza sauti, akaanza kusema, akashindwa, akakaa. Mpiga video alitaka kukikata kipande hicho kwa kuwa hakikuwa na maneno. Dada alikataa kisikatwe.

Alipokwisha kutueleza, mtoto alikuwa ameshaleta rimoti. Mama aliichukua, akapeleka mbele sherehe yote, maandamano, keki, pete, mpaka pale mzee alipoinuka na kipaza sauti. Safari hii hakwenda kuchota maji.