Mlinzi wa Kompyuta Apimwe kwa Lipi?

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii ni ya kale kuliko umeme, lakini yaieleza programu ya kijasusi kuliko maneno mengi ya wataalamu. Programu hiyo huingia kimya ndani ya kompyuta au simu, hukaa, husoma yaandikwayo, husikiliza yasemwayo, kisha huyapeleka kwa bwana wake. Mwenye chombo hashuku lolote, kwa kuwa chombo chamtumikia leo kama kilivyomtumikia jana.

Kwa hofu ya mdudu huyo watu hununua programu za ulinzi, na matangazo ya programu hizo huahidi ulinzi kamili. Neno “kamili” ni zito. Yafaa tulitie katika mizani kabla ya kulilipia.

Watu wengi hupima kwa kimya. Mtu husema, “Nimeitumia programu hii miaka miwili, na sijaona jasusi hata mmoja.” Ushuhuda huu hauna uzito. Kazi ya jasusi ni kutoonekana. Kwa hiyo asiyeonekana huenda hayupo, na huenda yupo naye amekwisha kushinda. Wengine hupima kwa kelele, wakidhani kwamba mlinzi apigaye kengele kila siku ndiye hodari. Walaghai waliifahamu tabia hiyo zamani. Katika miaka ya 2000 walisambaza programu iitwayo SpySheriff, iliyojidai kuwinda majasusi, ikatangaza maradhi yasiyokuwapo ili mwenye kompyuta atoe fedha za dawa.

Wakulima wa chai wa Bomet na Kericho wanaijua njia iliyo bora. Mizani ya kituo cha kununulia majani mabichi haiaminiwi kwa kung'aa kwake. Huaminiwa inapowekewa jiwe ambalo uzito wake unajulikana, nayo ikasema kweli. Programu ya ulinzi ina jiwe lake pia. Ni faili ndogo iitwayo EICAR, yenye herufi na alama 68 tu, isiyo na madhara, ambayo watengenezaji wa programu hizo wamekubaliana kuitambua kana kwamba ni adui. Faili hiyo ikiwekwa katika kompyuta na mlinzi asiseme neno, basi amelala. Akisema, tumejua kwamba yu macho. Hatujajua bado kama atamtambua mwizi mgeni.

Kwa sababu hiyo maabara kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huzijaribu programu kwa maadui wa kweli. Huhesabu makosa ya namna mbili: adui aliyepita, na mwema aliyekamatwa. Kosa la pili lisidharauliwe. Karani akataaye kila gunia hatapokea jani baya hata siku moja, lakini kiwanda nacho hakitapata chai.

Hata hivyo, cheti cha maabara kina mpaka wake. Mlinzi humtambua adui kwa alama za waliokwisha kujulikana, au kwa mwenendo utiao shaka. Jasusi aliyeundwa kwa gharama kubwa ili awafuate watu wachache huweza kupita katikati ya njia hizo mbili. Mwaka 2021 iliripotiwa kwamba simu za wafanyakazi wasiopungua tisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au wenye kazi zilizohusu Uganda, zilivamiwa kwa Pegasus, programu ya kampuni ya NSO ya Israeli. Ikiwa watumishi wa dola kubwa walipatwa, nani atatuambia kwamba ulinzi ni kamili?

Wako pia majasusi wauzwao hadharani kama bidhaa. Kwa miaka mingi programu nyingi za ulinzi hazikuwahesabu kuwa hatari, mpaka mwaka 2019, Eva Galperin wa Electronic Frontier Foundation alipozilaumu kampuni zake waziwazi. Bidhaa moja ya namna hiyo ni FlexiSPY. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi, wakihusishwa na filamu ya BBC iitwayo Blood Parliament, na vyombo vyao vikachukuliwa na polisi. Septemba mwaka huo ilielezwa kwamba watafiti wa Citizen Lab, katika Chuo Kikuu cha Toronto, waliikuta FlexiSPY katika simu zilizorudishwa, na kwamba iliwekwa wakati simu zilipokuwa mikononi mwa polisi. Hapa pana fundisho kubwa. Aliyeishika simu, akaweza kuifungua, aweza kumwamuru mlinzi alale.

Mwisho, mlinzi mwenyewe apimwe. Ili azuie uovu hupewa ruhusa ya kuona kila kitu, na aonaye kila kitu aweza kukiuza. Mwaka 2020 ilifichuliwa kwamba Avast, kampuni mashuhuri ya programu za ulinzi, ilikuwa ikiuza habari za kurasa walizozitembelea wateja wake kwa njia ya kampuni yake ndogo, Jumpshot. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani iliiamuru ilipe dola milioni 16.5. Wateja walikuwa wamemweka mlinzi mlangoni, naye akawa mchuuzi wa siri zao.

Basi hukumu yetu ni ipi? Programu nzuri ya ulinzi ina faida ya kweli: huwazuia wezi wa kawaida, nao ndio walio wengi. Asiyeitumia ni kama aachaye mlango wazi kwa kuwa kufuli laweza kuvunjwa. Lakini ulinzi kamili ni neno la sokoni, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kompyuta ya shule hapa Sigor hubeba alama za mitihani na barua za watu wengi. Kabla ya kuikabidhi kwa mlinzi yeyote, kijana, uliza amejaribiwa na nani asiyelipwa kumsifu, alikosa mara ngapi, na hayo ayaonayo huyapeleka wapi. Kisha chunga nambari yako ya siri, na chunga mikono iishikayo simu yako, kwa maana kazi hiyo hakuna programu itakayokufanyia.