Injini Ngeni, Bodi Kuukuu

Kenya hairuhusu gari kuukuu liingie nchini likiwa limepitisha miaka 8 tangu litengenezwe. Kwa hivyo Subaru Legacy ya miaka ya 1990 unayoiona ikikata kona pale Lurambi, Kakamega, haina mdogo wake atakayeshuka melini Mombasa. Yaliyopo ndiyo hayo. Mwenye gari kama hilo, injini ikianza kuchoka, ama analiuza skrapu, ama anamtafuta fundi mwenye kifua cha kung'oa injini ya kawaida na giaboksi ya otomatiki, akatia injini ya turbo na gia za mkono. Kazi hiyo naisifu, ingawa wengi wanaoisifu wanaisifia jambo lisilo lake.

Jambo lenyewe ni kelele. Subaru ilipata jina hapa kwetu kwa vumbi la Safari Rally: mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Impreza, na mwaka 1997 Colin McRae akashinda. Waliozaliwa baadaye walirithi sifa bila vumbi. Ukimtajia kijana turbo, anasikia bomba la moshi likifyatua risasi saa tano usiku.

Fundi husikia hewa. Kakamega iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Injini inayojivutia hewa yenyewe hupungukiwa nguvu kwa karibu kiasi hicho. Turbo, wazo ambalo Mswisi Alfred Büchi aliliwekea hataza mwaka 1905, huuchukua moshi uliokuwa ukienda bure, ikazungushia feni, na feni ikasukuma hewa ndani ya silinda. Kwa mji wa mlimani hiyo si anasa hata kidogo.

Mbona basi asifunge turbo tu kwenye injini iliyopo? Wapo waliojaribu, na pistoni zao zimeegemea ukuta wa gereji. Injini ya Subaru iitwayo EJ20, ikiwa ya kawaida, hubana hewa na petroli karibu mara 10. Ile iliyozaliwa na turbo hubana kama mara 8, ili ibaki nafasi ya hewa ya kusukumwa. Ukizidishia ile ya kwanza hewa, petroli inalipuka kabla ya zamu yake. Ndiyo maana fundi mwenye akili hukutuma Kirinyaga Road, Nairobi, ununue injini nzima pamoja na kompyuta na waya zake, au akikupenda zaidi, nosikati: pua nzima ya gari lililokatwa Japani, kila kitu kikiwa bado kimeshikana.

Kuanzia hapo kazi inakuwa ya kusuluhisha vitu visivyojuana. Fremu ya chini inayobeba injini haina nafasi ya bomba linalopeleka moshi kwenye turbo, kwa hivyo hubadilishwa. Propela ya otomatiki, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, haina urefu unaotakiwa. Kwenye ukuta wa injini, mara nyingi kiwanda kimeacha matundu ya pedali ya klachi yakiwa yamezibwa. Haya yote yanaonekana kwa macho. Ustadi uko katika yasiyoonekana.

Chukua difu, gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Subaru ina giaboksi zenye uwiano wa 4.111 na nyingine za 4.444, na difu ya nyuma lazima ilingane na giaboksi ya mbele. Zikipishana, gari litawaka, litatembea, mteja atalipa na kwenda zake akiwa amefurahi. Lakini magurudumu ya mbele na ya nyuma yatakuwa yanabishana kila mita ya lami, mpaka kiungo cha katikati ya giaboksi kipate moto na kufa. Fundi mzuri hasubiri hayo, wala haamini aliyemuuzia. Huinua nyuma ya gari, huchora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, kisha yeye na kijana wake, kila mmoja upande wake, huyazungusha magurudumu yote mawili mzunguko mmoja kamili, pamoja, polepole. Mwingine amelala chini anahesabu. Propela ikizunguka mara nne na alama ikapita kidogo tu, ni meno 37 kwa 9. Ikikaribia nusu ya mzunguko wa tano, ni 40 kwa 9. Chaki ya shilingi chache imeokoa giaboksi.

Halafu waya. Gari la otomatiki halikubali kuwashwa mpaka lijue gia iko P au N, na sasa P haipo tena. Asiyejua hilo ataibadilisha stata nzima, na hata ya pili, kumbe ni waya mbili za kuunganishwa. Nimemwona fundi amekaa kwenye ndoo, mita mkononi, anafuata waya mmoja wa rangi ya kijani mchana kutwa. Jua kali ya Kakamega, ikumbukwe, ni jua kali kwa jina: ikifika saa tisa mvua imeshuka, turubai limetupwa juu ya injini iliyo wazi, na chai imeagizwa.

Siku ya kuwasha huwa na watazamaji wengi kuliko inavyofaa. Wanataka mngurumo. Fundi anawanyima: anazima umeme wa plagi na kuzungusha injini kavu mpaka taa ya oili izime, kwa sababu mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na hauna cha kuelea juu yake ila oili hiyo. Watu wananung'unika. Yeye anarudia tena.

Injini ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi kama 130. Hii ina karibu mara mbili. Barabara ya Kisumu, baada ya Majengo, inateremka kupitia Kiboswa, na breki ni zile zile za otomatiki.

"Mkubwa, hii gari itakimbia. Kusimama je?"

"Breki tutafanya mwezi ujao, fundi."

Hapo ndipo ninapowapima mafundi. Yupo anayepokea pesa na kutoa funguo. Yupo anayebaki nazo mfukoni mpaka diski kubwa zifungwe, na mpaka mteja aahidi kupeleka gari likaguliwe na namba mpya ya injini iandikishwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA. Huyu wa pili hupoteza wateja. Na hata wanaobaki, waliolipa injini Nairobi bila kuuliza mara mbili, wakifika kwenye malipo ya mkono wanataka kujua kwa nini kufuata waya mmoja kumegharimu siku nzima.